Leitrim, kaunti ya kuhesabu watu: simulizi ya safari ya viwanja vya Kigaeli

Safari ilifanyika Septemba, na mwezi huo haukuchaguliwa ovyo. Tangu 2022 kalenda ya michezo ya Kigaeli huko Ayalandi, yaani mpira wa Kigaeli na halingi ya magongo, imegawanywa mara mbili. Timu za kaunti hucheza kuanzia Januari hadi fainali kuu za Julai, kisha wachezaji wanarudishwa kwenye klabu zao za parokia. Anayetaka kuona klabu zikigombea ubingwa wa kaunti aje Agosti hadi Oktoba. Akija mapema, vijana wenye vipaji wako na timu ya kaunti, na viwanja vya vijijini vina watoto tu.

Leitrim ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote Ayalandi: sensa ya 2022 iliwahesabu 35,199. Kuna kata za Dar es Salaam zinazoizidi kaunti hiyo nzima. Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu, walikuwa zaidi ya 155,000. Kufikia 1996 walibaki 25,057. Hata hivyo kuna klabu zaidi ya 20, na kila moja inahitaji watu 15 uwanjani, pamoja na wa akiba, makocha, mwekahazina na mtu wa kukata nyasi. Wote ni wa ridhaa. Hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Karibu kila jambo linalofuata hapa linatokana na hesabu hiyo ya watu.

Ijumaa: Dublin hadi Carrick-on-Shannon

Treni ya Sligo inaondoka kituo cha Connolly na kufika Carrick kwa saa mbili na dakika kadhaa, ikipitia Mullingar, Longford na Dromod. Treni ya Ijumaa jioni ni kitu kingine kabisa. Kila behewa lina vijana wenye mabegi marefu ya viatu, wanafunzi na wafanyakazi wa Dublin wanaorudi nyumbani kwa mazoezi ya usiku au mechi ya Jumapili. Asiyeweka nafasi ya kiti anasimama hadi Mullingar, tena karibu na choo. Nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, ni nafuu kuliko ya siku hiyohiyo, na jina lako linatokea kwenye kibao juu ya kiti.

Treni ilisimama porini karibu na Longford kwa dakika 20 ikisubiri nyingine ipite, maana reli upande huo ni moja. Hakuna aliyelalamika. Kijana wa kiti cha jirani alipiga simu kwa kocha wake, akasema tu "ni treni", na inaelekea maneno hayo yalitosha.

Kituo cha Carrick kiko ng'ambo ya mto Shannon, upande wa kaunti ya Roscommon. Unavuka daraja kwa miguu ndipo unaingia Leitrim. Chumba cha nyumba ya wageni kilikuwa euro 60 na kifungua kinywa ndani yake, na samaki na chipsi mjini euro 14. Wikendi Carrick hujaa makundi ya watu wanaosherehekea harusi zijazo, wakiimba hadi usiku wa manane. Omba chumba cha nyuma.

Jumamosi: watoto asubuhi, magongo mchana

Saa nne asubuhi uwanja wa klabu moja nje ya mji ulikuwa umegawanywa kwa koni kuwa viwanja vidogo vinne. Kuanzia umri wa chini kabisa hadi miaka 12, watoto hucheza kwa mfumo wa vikundi vidogo: timu za watu wachache, kila mtoto anacheza muda wote, na hakuna ubingwa wala kombe. Anayeshangaa kwa nini hawatangazi mshindi akumbuke hesabu. Klabu yenye wavulana tisa wa umri mmoja haiwezi kumpoteza hata mmoja kwa sababu aliwekwa benchi mwezi mzima. Ndiyo maana pia, kuanzia umri wa miaka 13 kwenda juu, parokia mbili au tatu huunganisha timu zao za vijana. Wanacheza pamoja mpaka utu uzima, halafu wanarudi kupigana kama maadui kwenye ligi ya wakubwa.

Mchana ulikuwa wa magongo, yaani halingi. Leitrim ni kaunti ya mpira wa Kigaeli, na klabu za halingi za watu wazima zinahesabika kwa vidole: Carrick, na Cluainín ya Manorhamilton huko kaskazini. Lakini mwaka 2019 kikosi cha kaunti kilitwaa Kombe la Lory Meagher, la daraja la chini kabisa la halingi ya kaunti, kwa kuifunga Lancashire ya Uingereza uwanjani Croke Park, Dublin, kwa tofauti ya pointi moja baada ya muda wa nyongeza. Kikosini alikuwemo Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi huko Ramadi, Iraq, na kufika Carrick na familia yake mwaka 2002. Kaunti kubwa ingemwacha mtoto wa namna hiyo atafute mwenyewe pa kujiunga. Hapa aliwekewa gongo mkononi shuleni.

Gongo lenyewe linafaa kutazamwa kwa karibu. Hutengenezwa kwa mti wa ash, na si kipande chochote cha ash: hukatwa sehemu ya chini kabisa ya shina, mita 1.3 hivi za kwanza kutoka ardhini, pale mti unapotanuka kuelekea mizizi. Nyuzi za mbao hupinda pamoja na shina, kwa hiyo ubapa wa gongo unafuata mpindo wa asili. Ukiuchonga ubapa kwenye ubao ulionyooka, utachanika kwa pigo la kwanza. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ash uligunduliwa Ayalandi mwaka 2012, na tangu hapo bei imepanda. Magongo ya mianzi na ya plastiki yameanza kuzoeleka.

Mzee mmoja alikuwa akitengeneza magongo nyuma ya gari lake, watoto wamepanga foleni. Bati jembamba linalozunguka ncha ya ubapa likilegea, hulitoa kwanza, hupaka gundi ya mbao kwenye ufa, hubana kwa jiliwa na kuacha usiku kucha. Siku ya pili huzungusha bati jipya na kulipigilia kwa misumari mifupi juu ya kipande cha chuma, ili ncha zijikunje ndani zisitokeze upande wa pili. Bati linaloning'inia hukata ngozi ya mpinzani, na mwamuzi ana haki ya kulikataa gongo. Adui mwingine ni joto: gongo lililowekwa karibu na hita hukauka na kuvunjika kama kuni. Wenyewe huliweka bandani na kulipaka mafuta ya kitani.

Kijimpira chake, sliotar, kina gramu 110 hadi 120 na kipenyo cha milimita 69 hadi 72, ngozi ya vipande viwili yenye mishono iliyoinuka. Kofia yenye kinga ya uso ni lazima kwa wachezaji wote tangu 2010. Ukialikwa kujaribu, usiingie bila hiyo, hata kwa utani.

Jumapili: Páirc Seán Mac Diarmada

Uwanja wa kaunti uko ndani ya mji wa Carrick, unafikika kwa miguu. Ratiba ilionyesha mechi mbili za ubingwa wa klabu, ya daraja la kati kwanza, kisha ya daraja la juu.

Tatizo la kwanza lilikuwa getini. Tiketi huuzwa mtandaoni na hawakupokea noti, na kadi yetu ya benki ya Afrika Mashariki iligoma kwenye ukurasa wa malipo, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho hutumwa kwenye laini ya nyumbani ambayo ilikuwa haishiki mtandao. Mama mmoja nyuma kwenye foleni alinunua tiketi zetu kwa simu yake, akapokea noti, akaenda zake kabla hata ya kushukuriwa vizuri. Washa huduma ya laini yako nje ya nchi kabla hujaondoka nyumbani, au nunua tiketi ukiwa bado huko.

Mechi ya kwanza iliisha sare, ikaenda muda wa nyongeza, na ile kubwa ikachelewa karibu nusu saa. Hilo ni la kawaida. Anayepanga kuwahi treni ya jioni asitegemee saa iliyoandikwa kwenye ratiba.

Sasa mpira wa Kigaeli wenyewe, kwa asiyeujua. Uwanja ni mkubwa: urefu mita 130 hadi 145, upana 80 hadi 90. Milingoti ina umbo la H, imeachana mita 6.5, na mtambaa wa panya uko mita 2.5 juu. Mpira ukipita chini yake na kuingia wavuni ni bao, sawa na pointi tatu, na mwamuzi wa goli, mwenye koti jeupe, anapeperusha bendera ya kijani. Ukipita juu ni pointi moja, bendera nyeupe. Tangu 2025 shuti linalopigwa nje ya mstari wa mviringo wa mita 40 na kupita juu hupewa pointi mbili, bendera ya rangi ya chungwa. Matokeo huandikwa mabao kwanza: 1-12 maana yake bao moja na pointi 12, jumla 15. Mgeni akiona 1-12 dhidi ya 0-16 asidhani wa kwanza ameshinda kwa kuwa ana bao.

Mchezaji anaruhusiwa kukimbia na mpira mikononi hatua nne, kisha lazima audundishe chini au aupige kwa mguu na kuudaka tena. Kudunda mara mbili mfululizo ni kosa. Kuuokota mpira chini kwa mikono moja kwa moja ni kosa pia. Sharti uuinue kwa ncha ya kiatu. Hapo ndipo wanaojifunza ukubwani hukwama: wanainama mapema, mguu haujafika chini ya mpira, kipenga kinalia. Kadi nyeusi humtoa mchezaji nje dakika kumi. Sheria mpya inayopendwa zaidi na majukwaa ni ile inayolazimisha kila timu kuwa na wachezaji wasiopungua watatu katika nusu ya wapinzani. Kabla yake timu nzima ilikuwa ikirudi kujaza lango, na mechi zilikuwa za kuchosha macho. Kwa maoni yetu sheria hiyo imeuokoa mchezo.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo kaunti kubwa haziikumbuki, lakini Leitrim kila katibu wa klabu anaijua kwa moyo: timu inaweza kuanza mechi na watu 13, ila kabla kipindi cha pili hakijaanza iwe imekwisha kuingiza 15, ukihesabu na walioumia au kutolewa. Katika mechi za timu za pili utaona gari likiingia kwa kasi dakika ya 20, na mtu anashuka akiwa tayari amevaa soksi. Mwanzoni mwa 2025 hesabu ilifeli hadi ngazi ya kaunti: Leitrim haikuweza kupata kikosi, na kaunti jirani ya Fermanagh ikapewa ushindi wa mezani kwenye ligi.

Wakati wa mapumziko kibanda cha klabu kinauza chai na sandwichi kwa euro chache. Sandwichi nyingi ni za nyama ya nguruwe. Wasiokula waulize za mayai kabla hazijaisha, maana huwa chache na huondoka kwanza. Chukua koti la mvua, si mwavuli; ukifungua mwavuli jukwaani utasikia maneno.

Jumatatu: Mohill, Fenagh, Ballinamore

Barabara ya R202 inatoka Dromod, inapita Mohill na Fenagh, inafika Ballinamore na kuendelea kuelekea mpakani. Basi dogo la vijijini linafika, lakini ratiba yake ni ya mchana na safari ni chache. Tulilikosa la kurudi. Mwanachama wa klabu aliyekuwa akifunga geti la uwanja alitupeleka hadi Carrick, na alikataa kabisa pesa ya mafuta. Alikubali jambo jingine tu: tununue tiketi za bahati nasibu ya klabu.

Bahati nasibu hiyo ndiyo mshipa wa damu. Tiketi ni euro 2, tatu kwa euro 5. Unachagua namba nne, droo ni kila wiki, na asipopatikana mshindi kitita kinakua kwa wiki ijayo. Kuna zawadi ndogo kwa wanaobahatika, ili watu wasikate tamaa. Wauzaji ni wachezaji wenyewe na wazazi wao, na sasa wengi wa wanunuzi ni wahamiaji walioko Boston, Sydney au Dubai wanaolipa kwa simu. Hela hizo hulipa umeme wa taa, bima, mipira na basi la vijana. Kwa ujenzi mkubwa klabu huomba ruzuku ya serikali, lakini lazima ionyeshe sehemu yake mfukoni.

Na ujenzi mkubwa hapa maana yake ni maji. Ardhi ya Leitrim ni udongo mzito wa mfinyanzi uliolala kati ya vilima vidogo. Mvua ikinyesha haizami. Kiwanja cha kawaida kikichezewa Novemba kinakuwa shamba la mpunga. Dawa yake ni mitaro ya ngazi mbili. Kwanza mabomba yenye matundu hulazwa chini ndani ya kokoto, yakivuka uwanja. Kisha mashine hukata mifereji myembamba, upana wa sentimita 5 hivi na kina cha 25 hadi 30, kila mita moja, ikikatiza juu ya yale mabomba. Hujazwa kokoto ndogo chini na mchanga juu. Maji hutiririka kutoka kwenye nyasi kuingia mferejini, toka mferejini kuingia bombani.

Kinachoharibika ni rahisi kueleza na ghali kurekebisha. Klabu inalipia mitaro halafu inabana matumizi kwenye mchanga wa juu, ule unaotakiwa kutandazwa kila mwaka. Baada ya misimu michache viatu vinaburuta udongo na kuziba midomo ya mifereji, na maji yanasimama juu ya kazi ya mamia ya maelfu ya euro. Kosa la pili ni kuruhusu mazoezi mara tatu kwa wiki kwenye eneo lilelile mbele ya goli, kwa sababu ndiko taa zinakomulika. Ukiona uwanja wenye upara upande mmoja tu, tazama juu, utaona nguzo ya taa.

Ballinamore ina klabu ya Seán O'Heslin's, yenye mataji mengi ya ubingwa wa Leitrim kuliko yoyote. Mabaki ya abasia ya Fenagh yako njiani, yanastahili nusu saa.

Jumanne: kaskazini, na mpaka usioonekana

Ziwa Allen linaigawa kaunti karibu nusu kwa nusu. Gari la kukodi, euro 70 kwa siku bila mafuta, lilifuata R280 kupitia Drumshanbo na Drumkeeran hadi Manorhamilton. Wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo hilo halisumbui. Linalosumbua ni wembamba wa barabara. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida kwenye barabara ndogo za vijijini kimeshuka kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, na hata hiyo 60 kwenye kona ni nyingi. Kampuni nyingi za magari hutaka kadi ya mkopo kwa dhamana na hukataa kadi ya kawaida ya benki.

Mchezaji wa kaunti anayeishi Kinlough anaendesha njia hiyohiyo kwenda mazoezini kusini na kurudi, usiku, zaidi ya mara moja kwa wiki, na kesho yake ana kazi. Kaunti ndogo kwenye ramani si ndogo kwenye kipimo cha mafuta.

Kiltyclogher ni kijiji cha Seán Mac Diarmada, aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1916 baada ya maasi ya Pasaka na ambaye uwanja wa kaunti unaitwa kwa jina lake. Sanamu yake iko kijijini, na nyumba ya wazazi wake imehifadhiwa nje kidogo.

Hapa wenye pasipoti za Afrika Mashariki wawe macho. Mwendo mfupi kutoka Kiltyclogher ni Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini, yaani Uingereza. Hakuna kizuizi, hakuna bango la maana, na programu ya ramani hukupitisha huko ili kuokoa dakika tano. Viza ya Ayalandi, euro 60 ya kuingia mara moja na 100 ya kuingia mara nyingi, haikuruhusu kuvuka. Polisi hukagua mabasi na magari mara kwa mara karibu na mpaka. Chora njia yako kwenye karatasi: Manorhamilton, Kinlough, Tullaghan, ambako Leitrim inagusa bahari kwa kipande kifupi cha pwani, na urudi ulikotoka.

Jumatano: Croke Park

Treni ya asubuhi, Dublin, na kutoka Connolly ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu hadi uwanja wa watu 82,300. Jumba la makumbusho liko chini ya jukwaa. Mtu wa Leitrim hapo hutafuta mwaka mmoja: 1994. Kaunti ilikuwa imetwaa ubingwa wa jimbo la Connacht mara moja tu, 1927. Chini ya kocha John O'Mahony, nahodha Declan Darcy, waliifunga kaunti ya Mayo katika fainali, pointi 0-12 kwa 2-4, na kuja hapa nusu fainali walikofungwa na Dublin. Tom Gannon, nahodha wa 1927, alikuwa bado hai na alipigwa picha akishika kombe pamoja na Darcy. Hawajalichukua tena. Mwaka 2023 walivuka bahari kucheza na New York huko Bronx kwenye mashindano hayohayo ya Connacht, wakatolewa kwa matuta. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa New York katika historia ya mashindano hayo, na baadhi ya wanaocheza huko wamelelewa kwenye klabu za nyumbani kama hizi.

Kwa wasomaji walioko Ghuba, mchezo uko karibu zaidi: Dubai Celts na Abu Dhabi Na Fianna hupokea wanaoanza, wanawake na wanaume. Kwa wanaokuja Leitrim, ratiba za mechi hutoka kwenye ukurasa wa bodi ya kaunti, na hubadilishwa hadi Alhamisi au Ijumaa, hasa kukiwa na msiba parokiani. Angalia tena Jumapili asubuhi kabla ya kutoka.